Nimfungie mteja programu ya mtambo?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi umeme, Unga Limited, Arusha. Nimemtengenezea mteja mtambo wa kukaushia kahawa unaoendeshwa na PLC (kompyuta ndogo ya kuongozea mitambo) ya Siemens S7-1200. Sasa anadai programu yote na nywila zake. Naogopa atampa fundi mwingine ainakili. Nifunge kila kitu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usifunge kila kitu. Jasho lako nalithamini, lakini fikiria Novemba: kahawa mbichi imejaa mtamboni, sensa ya joto imekufa usiku, nawe uko msibani Dodoma. Fundi wa kiwandani akifungua laptopu asione chochote, kahawa itachacha. Mteja huyo hatakupigia tena, nami sitamlaumu.

Kuwasha feni na kuzima mota iliyozidiwa, hayo kila fundi anayajua. Chako hasa ni ile hesabu ya kupunguza moto kahawa inapokaribia unyevu wa asilimia 11. Itenge kwenye bloku yake, yaani kipande chake cha programu, uifunge kwa nywila ndani ya TIA Portal, programu ya Siemens ya kuandikia PLC. Fundi wa mteja ataona kinachoingia na kinachotoka kwenye bloku hiyo, na kwa kutafuta hitilafu kinamtosha. Kwingine kote acha wazi, na uandike maelezo ya Kiswahili.

Ukitaka isihamishiwe mtambo wa pili, ifunge kwenye namba ya kadi ya kumbukumbu, si ya PLC yenyewe. Radi ikiunguza PLC, na radi za huku kwetu unazijua, kadi inachomekwa kwenye PLC mpya na kazi inaendelea.

Usiitegemee nywila peke yake. Kwenye PLC za zamani za S7-300 kinga ya bloku iliondolewa kirahisi mno. Mwaka 2022 watafiti wa Claroty, kampuni ya usalama wa mitandao, walionyesha namna ya kuutoa ufunguo wa siri ambao S7-1200 na S7-1500 zilikuwa zikiutumia kwa pamoja. Kuanzia TIA Portal V17 Siemens wamebadilisha mfumo, kwa hiyo usitumie toleo la nyuma yake wala PLC ambayo programu yake ya ndani haijasasishwa.

Halafu mkataba, ambao mafundi wengi wanauruka na unaniuma. Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inalinda programu za kompyuta pia. Andika kwamba mteja anaruhusiwa kuitumia na kuirekebisha kwa mtambo huu mmoja, haruhusiwi kuinakili wala kuiuza. Nakala kamili na nywila ziweke kwa wakili, ndani ya bahasha iliyofungwa, afunguliwe mteja ukifariki au ukifunga ofisi. Mwambie hayo kabla hajalipa awamu ya mwisho.