Gari Dogo Kampala: Tazama Chini Kabla ya Kuhesabu Petroli

Kila anayenijia kutaka ushauri wa kununua gari dogo la kutembelea Kampala huanza na swali lile lile: linakula mafuta kiasi gani? Swali hilo ni halali, hasa kwa sisi tunaokumbuka Januari 2022, malori ya mafuta yalipokwama mipakani Malaba na Busia na lita moja ya petroli ikauzwa hadi shilingi 10,000 katika baadhi ya vituo. Hata hivyo, baada ya miaka kadhaa ya kuendesha Toyota Vitz kati ya Kawempe na eneo la viwanda, nimeona kwamba petroli ndiyo gharama ambayo mwenye gari dogo huihangaikia zaidi na ndiyo inayomuumiza kidogo kuliko zote. Fedha zake huishia chini ya gari, kwenye matairi, bushi (mipira ya viungo vya magurudumu), shokomzoba na rejeta, na anayenunua bila kuzitengea fungu hujikuta analaumu gari kwa kosa la barabara.

Nianze na gari lenyewe, kwa sababu wauzaji huzungumzia Vitz kana kwamba zote ni moja. Kizazi cha kwanza kilitengenezwa kuanzia 1999 hadi 2005, na ile yenye injini ndogo ina silinda nne na ukubwa wa cc 997. Kizazi cha pili kilifuata kuanzia 2005 hadi 2010, na injini yake ndogo ni ya silinda tatu yenye cc 996, ile ile iliyowekwa kwenye Passo, gari jingine dogo la Toyota. Silinda tatu hutetemeka kidogo gari likiwa limesimama na injini inaunguruma, jambo ambalo ni la kawaida. Mtetemeko ukizidi hadi vioo vya pembeni vikacheza, mara nyingi mauntingi, yaani mipira inayoishikilia injini, zimechoka. Tangu sheria ya 2018 ilipokataza kuingiza nchini magari yaliyotimiza miaka 15 tangu yatengenezwe, Vitz ya kizazi cha kwanza unayoonyeshwa leo haiwezi kuwa imetoka Japani juzi. Imekwisha kukanyaga mashimo ya hapa kwa miaka mingi, na muuzaji anayekuambia kwamba ni "mpya kutoka bandarini" amekwisha kukupa sababu ya kuondoka.

Kuhusu mafuta nitasema machache. Vitz yangu ya cc 996 hunipa kati ya kilomita 12 na 14 kwa lita siku za msongamano, na hukaribia 18 kwenye barabara kuu nikiendesha kwa utulivu. Takwimu za majaribio ya Japani husema zaidi ya 20. Zichukue kama sifa za mshenga. Kimoja kinachopandisha matumizi bila wengi kujua ni matairi yasiyo na upepo wa kutosha, na hapo tayari tumeshuka chini ya gari.

Fungua mlango wa dereva utazame nguzo yake. Kuna kibandiko kinachoonyesha upepo unaotakiwa, ila magari ya Japani huuandika kwa kilopaskali, ilhali kijana wa kituo cha petroli anapima kwa psi. Gawa ile namba kwa 7: kibandiko kikisema 230, mwambie akuwekee karibu 33. Wengi huacha kijana aamue mwenyewe, naye huweka kiasi anachowekea kila gari, dogo kwa kubwa, kisha mwenye gari anashangaa tairi limelika katikati au pembeni. Ukinunua tairi, soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwake. Mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka wa kutengenezwa. Tairi lililotumika Japani linaweza kuwa na meno mazuri sana na bado likawa limekauka kwa uzee, na mpira uliokauka hauna msaada wowote kwenye lami iliyolowa pale Kibuye au kwenye mteremko wa Makindye.

Kosa ninaloliona kila siku ni kutaka kuligeuza gari dogo liwe kubwa. Mtu ananunua Vitz, analigonga chini kwenye matuta mara chache, kisha analipeleka gereji liinuliwe kwa spesa nene, yaani vipande vya kuongeza kimo, juu ya shokomzoba, na pengine anaongeza na rimu pana ili gari "lisimame vizuri". Spesa nene hubadilisha pembe ya ekseli za mbele. Mipira inayozifunika hujikunja kupita kiasi, hupasuka, grisi humwagika, mchanga wa barabara ya moramu huingia, na haipiti muda mrefu kabla gari halijaanza kugonga tak-tak kila ukikata kona. Rimu kubwa yenye tairi la ubavu mfupi nayo hupinda kwenye shimo ambalo tairi la kawaida la 165/70 la inchi 14 lingelimeza bila kelele. Mimi nimeliacha gari langu katika kimo chake cha kiwandani, nikafunga bamba la chuma chini ya injini, na matuta nayapanda kwa mshazari, gurudumu moja baada ya jingine. Wenye taksi nyuma yangu hupiga honi. Wapige tu.

Bushi za mkono wa chini wa gurudumu la mbele mara nyingi huchakaa mapema, na hizo usikubali kuhukumiwa kwa kusikiliza tu. Fundi wangu huweka gari juu ya jeki, huingiza mtaimbo kati ya mkono na fremu, kisha husukuma taratibu huku mimi nikiinama na tochi: mpira mzima hunyumbuka na kurudi, mpira uliokwisha hufunguka mpasuko mweusi unaoweza kuingiza ukucha. Fundi asiyetaka kukuonyesha mpasuko huo anataka kukuuzia kipuri. Baada ya kubadilisha, usiondoke moja kwa moja kwenda safari. Pitia kwanza alainimenti, yaani kunyooshwa kwa magurudumu, la sivyo matairi mapya yatalika upande mmoja.

Vipuri vyenyewe wengi tunavitafuta soko la Kisekka, na mwenye Vitz ana bahati kwa kuwa karibu kila kitu kipo, kipya na kilichotumika. Swali la kwanza utakaloulizwa hapo ni "Mzee, hiyo yako ni SCP10 au KSP90?" Herufi na tarakimu hizo ni mwanzo wa namba ya chesi, SCP10 ni kizazi cha kwanza chenye injini ya lita moja, KSP90 ni cha pili. Anayejibu "ni Vitz tu, kijana wangu" hupewa kinachofanana, na kinachofanana hurudi gereji. Piga picha ya namba hiyo ya chesi uiweke kwenye simu, kisha nenda na kipuri kilichoharibika mkononi, mkilinganishe juu ya meza kabla fedha hazijatoka mfukoni. Bei ya kwanza si bei. Hilo halihitaji mafunzo kwa mtu wa Kampala.

Sasa nije kwenye joto, ambalo huua injini nyingi za magari haya. Vitz za vizazi hivyo viwili hazina mshale wa joto kwenye dashibodi. Zina taa mbili tu: ya buluu injini ikiwa baridi, na nyekundu inapochemka. Kati ya hizo hakuna kinachokuonya, kwa hiyo taa nyekundu inapowaka hali imekwisha kuwa mbaya, na unatakiwa kusimama kando na kuzima injini hapo hapo, hata kama umebakiza mita chache kufika nyumbani. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Katika foleni ya Jinja Road saa kumi na moja jioni, ambapo gari halisogei na hewa haipiti, rejeta hutegemea feni ya umeme peke yake. Feni ikifa, hakuna kinachobaki. Kila asubuhi natazama kiwango cha kulenti, yale maji maalumu ya kupoza injini, kwenye chupa yake kabla ya kuwasha gari, na kila mara fundi anapomwaga maji ya bomba humo namsimamisha, kwa kuwa maji matupu husababisha kutu ndani ya njia nyembamba za injini na kuziziba. Oili nayo ni lita tatu na kidogo tu kwa injini nzima, kwa hiyo nusu lita iliyovuja ni sehemu kubwa ya akiba yote. Mimi huibadilisha kila kilomita 5,000, pamoja na chujio lake.

Kama Vitz yako ni ya kizazi cha pili na ina gia za CVT, yaani otomatiki isiyo na hatua za gia, waambie mafundi hivyo kabla hawajagusa chochote, maana gia hizo zinahitaji mafuta yake maalumu, wala si yale ya gia za otomatiki za kawaida yanayojaa madukani. Nimeona gari la jirani likipoteza gia kwa sababu hiyo moja. Vitz nyingi za otomatiki za kizazi cha kwanza na Passo za zamani hutumia otomatiki ya kawaida ya gia nne, na kwa mtu ambaye fundi wake ni wa mtaani, hiyo ni sababu nzuri ya kuzipenda.

Mvua ni sura nyingine. Kati ya Machi na Mei, na tena Septemba hadi Novemba, njia yangu ya Bwaise na Kalerwe hufurika mara mvua kubwa inaponyesha kwa saa moja, na gari dogo huvuta hewa kutoka sehemu ya chini zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Maji yakifika katikati ya gurudumu, mimi hurudi au husubiri kwenye kituo cha petroli hadi yapungue, hata kama malori na Land Cruiser zinapita. Mawimbi yanayosukumwa na magari hayo ndiyo hasa huzamisha Vitz. Injini ikizima ndani ya maji, usijaribu kuiwasha tena. Maji hayabanwi kama hewa, na yakiwa ndani ya silinda pistoni inapopanda, fimbo yake hupinda. Lisukume gari hadi pakavu, fundi atoe plagi kwanza.

Kuna mambo madogo pia. Redio za Japani za zamani huishia masafa ya 90, kwa hiyo utasikia CBS kwenye 88.8 lakini Capital kwenye 91.3 hutaipata mpaka ufunge kifaa cha kuongeza masafa au redio nyingine. Vioo vya pembeni na taa viandikwe namba ya gari kwa kuchongwa, maana katika msongamano huchomolewa kwa sekunde chache. Na kwa kuwa spidi ya Vitz husomwa katikati ya dashibodi, mbele ya abiria wote, ukimbeba mama mkwe jiandae kuulizwa.

Safari ndefu gari hili linaziweza, mradi uheshimu uzito wake. Nikienda Jinja na familia, naacha nafasi ya kutosha kabla ya kulipita lori la miwa karibu na Lugazi, kwa sababu injini ya lita moja yenye watu watano haina nguvu ya ziada ya kukuokoa. Kurudi kutoka kijijini ndiko kugumu zaidi: kila ndugu ana mkungu wa matoke wa kukupa, na kukataa si adabu. Napokea miwili, mingine huja na basi.

Mwisho ni karatasi. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria, lakini haikulipii ubovu wa gari lako mwenyewe, kwa hiyo usiihesabu kama akiba. Unaponunua kwa mtu, linganisha namba ya chesi iliyopigwa kwenye chuma na ile iliyo kwenye logibuku, tarakimu kwa tarakimu, na umiliki uhamishwe kwa jina lako mara moja. Unapouza, fanya vivyo hivyo kwa upande wa pili: gari likisababisha ajali likiwa bado na jina lako kwenye usajili, polisi watakutafuta wewe kwanza. Usitoe funguo kabla fomu za uhamisho hazijasainiwa, na ubaki na nakala ya mkataba pamoja na ya kitambulisho cha taifa cha mnunuzi.