Nimeifuta picha niliyoirusha kwenye grupu. Je, na dhambi imefutika?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, Shekhe. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Uyole hapa Mbeya. Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu alituma kwenye grupu la WhatsApp la ukoo picha ya jirani yetu, mama mjane anayeuza mchele Mwanjelwa. Anaonekana anashuka kwenye Fuso alfajiri, dereva amemshikia kikapu. Chini kumeandikwa: "Mchele wa Kyela unavyofika mjini." Mimi nikaongeza vile vijisura vya macho, nikairusha kwenye grupu la kikoba na la wazazi wa madrasa, ambalo mimi ndiye adimini. Sikuandika neno hata moja. Baada ya siku nne tukajua kwamba alikuwa anatoka mazikoni Kyela, kosta ikaharibika usiku pale Kiwira, na dereva wa Fuso la ndizi akamsaidia yeye pamoja na bibi mmoja mzee ambaye kwenye picha haonekani. Nimeifuta kwa wote. Lakini yule mama hafungui tena kizimba chake, na binti yake haji madrasa. Je, kufuta kunatosha? Ni lazima nimwambie kwamba na mimi nilisambaza? Tena nataka kulefti grupu la ukoo, ila baba mdogo aliyeko Tunduma anasema nikitoka nimekata udugu.

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Maswahaba zake.

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara tatu, na kila mara nimekwama pale uliposema, "Sikuandika neno hata moja." Naanzia hapo, maana nadhani hapo ndipo moyo wako ulipopata pa kujificha.

Unakijua kisa cha Bi Aisha, Allah amridhie, tunakisoma kila mwaka darasani. Jeshi lilikuwa linarudi kutoka vita vya Banu Mustaliq. Bi Aisha alitoka kwenda haja, mkufu wake ukakatika, akarudi kuutafuta. Aliporejea kambini, msafara umeondoka, na waliobeba machela yake hawakutambua kwamba mwenyewe hayumo. Akakaa palepale, usingizi ukamchukua. Asubuhi Swafwan bin Muattal, aliyekuwa nyuma ya jeshi, akamkuta. Akasema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun", akampigisha magoti ngamia, Bi Aisha akapanda, naye akamwongoza ngamia kwa mguu mpaka wakalifikia jeshi wakati wa adhuhuri, jua kali.

Sasa jiulize: watu wa kambini waliona nini? Waliona jambo la kweli kabisa. Mke wa Mtume anafika nyuma ya wenzake, na kijana amemshikia hatamu ngamia wake. Lau simu zingekuwapo, picha hiyo isingehitaji kuchezewa hata kidogo. Uwongo haukuwa kwenye walichokiona. Uwongo ulikuwa kwenye maneno ya kuwasingizia zinaa, ambayo Abdullah bin Ubayy, mkuu wa wanafiki wa Madina, aliyatundika juu ya walichokiona.

Na picha yako ya Uyole ni hivyohivyo. Fuso ni la kweli, alfajiri ni ya kweli, kikapu ni cha kweli. Bibi mzee amebaki nje ya picha, kosta imebaki Kiwira kwenye ukungu, na mstari mmoja wa kejeli ukajaza nafasi yote iliyobaki. Watu wengi huniambia, "Shekhe, lakini picha haidanganyi." Picha hainyoshi ulimi, ni kweli. Anayeisemea ndiye anayedanganya, na pale ulipoipokea na kuipeleka mbele, ukawa umeisemea.

Utasema: mimi niliweka macho tu. Dada yangu, wanazuoni wetu walilijadili jambo hili karne nyingi kabla ya hivyo vijisura. Wanaliita taaridhi, yaani kumtuhumu mtu kwa fumbo. Katika Muwatta, kitabu cha hadithi cha Imam Malik, imepokewa kwamba zama za Sayyidna Umar watu wawili walitukanana, mmoja akasema, "Wallahi, baba yangu si mzinifu wala mama yangu si mzinifu." Umar akataka ushauri. Wako waliosema: huyu amewasifu wazazi wake tu. Wengine wakasema: wazazi wake walikuwa na sifa nyingine za kutajwa, kwa nini achague hii? Umar akamtia viboko 80, adhabu ya mwenye kusingizia zinaa. Imam Shafi na Imam Abu Hanifa hawakuona kwamba fumbo peke yake linasimamisha adhabu hiyo, lakini hawakusema kwamba ni halali kumuumiza mtu kwa fumbo. Khitilafu ni kwenye viboko, si kwenye dhambi. Macho yako mawili yaliwauliza akina mama wa kikoba swali ambalo wote walijua jibu linalotakiwa.

Angalia Qur'ani ilivyoeleza kosa la Madina, Sura ya 24, aya ya 15: "Mlipoyapokea kwa ndimi zenu, na mkasema kwa vinywa vyenu msiyokuwa na ujuzi nayo, na mkalidhania ni jambo dogo, na ilhali mbele ya Mwenyezi Mungu ni kubwa." Habari hupokewa kwa masikio, dada yangu. Lakini Mwenyezi Mungu anasema waliipokea kwa ndimi. Yaani haikupita moyoni hata kidogo, ilitoka kwenye sikio ikaenda moja kwa moja kwenye ulimi. Naisoma aya hii siku hizi na kuuona mkono ulioshika simu: kidole kilichofungua picha ndicho kilichoirusha, na kati ya mambo hayo mawili hakuna hata muda wa kumeza mate.

Waliotengeneza chombo chenyewe wameiona hatari hiyo. Mwaka 2018 huko India watu waliuawa na umati kwa uvumi wa watekaji watoto uliokuwa ukizunguka WhatsApp. Kampuni ikapunguza mahali ambapo mtu anaweza kupeleka ujumbe kwa mkupuo, ikabaki mazungumzo matano, na mwaka 2019 ikaufanya utaratibu huo dunia nzima. Wazee wetu wanaukumbuka uvumi wa mumiani, wale wanaosemwa kuwa wananyonya watu damu, ulikuwa unatembea kwa miguu kutoka kijiji hadi kijiji na bado ulitia watu hofu. Huu wa sasa hautembei. Na tuliokwisha kusoma Sura ya Hujurat aya ya 6, inayotuamuru tuchunguze habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, hatukustahili kusubiri kizuizi cha kampuni. Hata sheria ya nchi, ile ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inamshika mwenye kuchapisha uwongo huku akijua, kwa nia ya kumchafua mtu. Lakini wewe umeniuliza habari ya Akhera, turudi huko.

Kufuta. Umefanya vyema kufuta, hilo lilikuwa wajibu, maana sharti la kwanza la toba ni kuliacha kosa. Ila unajua ulichofuta? Umefuta nakala zilizotoka mkononi mwako. Aliyekwisha kuipokea akairusha kwingine, ile ni yake sasa, kidole chako hakiifikii. Na aliyeiona na kuamini, ameibeba kichwani. Bukhari amepokea kwa Samura bin Jundub ndoto ya Mtume (s.a.w.), alipoonyeshwa mtu anachanwa shavu mpaka kisogoni, linapona, linachanwa tena. Akaambiwa: huyu ni mtu anayetoka nyumbani kwake asubuhi, anasema uwongo mmoja, unafika pande zote za dunia. Zamani nilikuwa najiuliza uwongo wa mtu mmoja utafikaje pande zote za dunia. Leo hata mtoto wa madrasa haniulizi.

Kwa hiyo lazima ukweli upite njia ileile iliyopitwa na uwongo. Katika madhehebu yetu ya Shafi, toba ya aliyemsingizia mtu zinaa haitimii mpaka ajikadhibishe mwenyewe mbele ya watu, na Qur'ani baada ya kutaja adhabu yake ikasema: "Isipokuwa wale waliotubu baada ya hayo na wakatengenea." Andika leo, kwenye grupu la kikoba na la wazazi, kwa jina lako: picha niliyoituma tarehe fulani, maneno yaliyokuwa chini yake ni uwongo, mama yule alitoka mazikoni, gari liliharibika, alikuwa na mwenzake, mimi nimekosa, na aliyeipeleka mbele apeleke na haya. Usiirudishe picha. Usiandike "kama kuna aliyekwazika". Na usimsahau dereva. Watu wanamkumbuka Bi Aisha, wachache wanamkumbuka Swafwan, naye alichafuliwa kama yeye, mtu aliyeapa kwamba hajawahi kufunua nguo ya mwanamke, kisha akafa shahidi. Huyu wa Fuso, awe Muislamu au Mkristo kama walivyo wengi wa jirani zetu hapa, huenda ana mke, na mke wake huenda ana simu.

Kwa kuwa wewe ni adimini, kuna la ziada. Mtume (s.a.w.) amesema mwenye kuona ovu alibadilishe kwa mkono wake, asipoweza kwa ulimi wake, asipoweza achukie moyoni. Katika grupu lile mkono ni wako: unaweza kufuta hata ujumbe wa mwingine. Atakayerusha la namna hii baada ya leo, ukanyamaza, usiseme "si mimi niliyetuma".

La grupu la ukoo ni jepesi kuliko unavyodhani. Udugu hauko ndani ya simu. Mtume (s.a.w.) hakusema haingii Peponi mwenye kulefti, amesema haingii Peponi mwenye kukata udugu, na udugu tuliuunga kwa miguu kabla ya minara ya simu kufika Tunduma. Kama kikao kile kimekuwa cha kusengenya, una ruhusa ya kuondoka. Lakini mtoto wa kaka yako usimtupe. Mistah, mmoja wa waliousambaza uvumi wa Madina, alikuwa ndugu wa Sayyidna Abubakar, tena fukara anayelishwa naye. Abubakar akaapa hatampa kitu tena. Ikashuka aya ya 22 ya sura ileile: "Wasamehe na waachilie mbali. Je, hampendi Mwenyezi Mungu akusameheni?" Abubakar akamrudishia posho yake. Basi mwite kijana nyumbani, akae chini, umweleze, na yeye asahihishe kule alikoanzisha. Baba mdogo mpigie simu kabla hujatoka, na sikukuu nenda ukamsalimie.

Nimeliacha la mwisho lililo zito. Je, umwambie? Wapo wanazuoni, Ibn Taymiyya akiwamo, waliosema kwamba ukimsengenya mtu naye hajui, usimfikishie, kwani utamwongezea maumivu. Muombee dua na umsifu palepale ulipomchafua. Ni kauli nzuri, na mara nyingi naitolea fatwa. Lakini haikuhusu wewe. Mama huyu anajua, kizimba kimefungwa kwa sababu anajua. Hapa ni haki ya mja, yaani haki ya binadamu mwenzako, na haki ya mja haimaliziki bila mwenyewe.

Nenda nyumbani kwake. Nenda mwenyewe, usitume voisi, wala usimtume mtoto na kilo ya sukari. Mwambie: dada, na mimi niliirusha, kwenye makundi mawili, na nimewaandikia watu ukweli. Usimweleze ulivyokuwa umechoka siku hiyo au nani alianza. Mwombe binti arudi madrasa, na wewe umpitie asubuhi uende naye, wazazi wenzako wawaone. Akifungua kizimba, kanunue mchele wako hapo, saa sokoni kumejaa watu.

Na huenda asikusamehe siku hiyo. Bi Aisha alilia mausiku mawili na mchana wake mpaka wazazi wake wakadhani kilio kitampasua ini. Kisha aya zikashuka kutoka mbinguni kumtakasa, mama yake akamwambia, "Inuka umwendee Mtume." Akasema, "Wallahi siinuki kumwendea, na simshukuru yeyote ila Mwenyezi Mungu." Hivyo ndivyo jeraha hili linavyouma, hata kwa aliyetakaswa na Mola wake. Mama huyu asipoinuka kukupokea, mwachie salamu mlangoni, urudi wiki ijayo.

Wallahu aalam.