Jibu: Mitutu miwili au ya kujipakia?

Salaam ndugu. Umeuliza ununue bunduki gani ya marisau (chembe ndogo za risasi zinazotawanyika), moja tu, kwa ndege na visahani vya kurushwa hewani kama shabaha, na bega linakuuma.

Kabla ya aina, angalia kitako, sehemu ya nyuma inayokaa begani. Hakikisha bunduki haina risasi, fumba macho, ipandishe begani, kisha fumbua. Ukiona kitone cha mbele, kile cha kulengea kwenye ncha ya mtutu, kimekaa sawa na jicho, inakufaa. Ukiona mgongo wa bunduki tu, kitako kiko chini mno kwako, na bega litaendelea kuumia hata ukibadilisha bunduki.

Binafsi napenda mitutu miwili, mmoja juu ya mwingine, geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikiwa kubwa, mtutu ni mwembamba). Mtutu wa kwanza naweka choki (kibano cha mdomo wa mtutu) iliyo wazi kwa ndege anayeruka karibu, wa pili iliyobana kidogo kwa anayetokomea. Na ukiivunja, yaani ukiifungua kwenye bawaba, kila mtu uwanjani anaona ni tupu. Hilo nalithamini sana.

Ila kwa bega lako ningechukua ya kujipakia, inayojiwekea risasi inayofuata kwa nguvu ya gesi ya baruti; teke lake, yaani msukumo wa nyuma, ni laini. Geji 20 nyepesi raha yake kuibeba porini, lakini wepesi huohuo huongeza teke. Kwa visahani, anza na risasi zenye gramu 24 za marisau badala ya 28.