Mwindaji asiye na bunduki aanze na Corbett

Mhariri,

Wiki iliyopita mliuliza: mpenzi wa pori na uwindaji asome kitabu gani? Mimi ni mtu wa Voi. Huku Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, kwa hiyo mawindo yangu yote nimeyapata vitabuni. Nina kipimo kimoja tu: mwandishi anatazama chini, kwenye nyayo, mara ngapi kabla ya kuinua bunduki? Anayefyatua risasi kila ukurasa huwa simmalizi.

Kwa kipimo hicho sijaona wa kumshinda Jim Corbett, mwindaji wa India. Anzeni na Man-Eaters of Kumaon, kilichotoka 1944, kuhusu chui milia walioua watu kwenye milima ya kaskazini mwa India. Hadithi ya kwanza ni ya jike wa Champawat, ambaye kwa hesabu ya Corbett alikuwa ameua watu 436, Nepal na India, hadi yeye alipompiga 1907. Mwingine angetuishia na picha, mguu juu ya mzoga. Corbett anachungulia kinywa. Anakuta chonge za upande wa kulia zimevunjika, ya juu nusu, ya chini hadi kwenye mfupa, kwa risasi ya zamani. Mnyama aliyeshindwa kukamata windo lake la kawaida akageukia binadamu. Kumbe mkosa wa kwanza ni mtu fulani aliyejeruhi akaenda zake.

Ila hadithi ninayoirudia mpaka kurasa zimelegea ni ya jike mwingine, wa Chowgarh. Corbett anateremka korongoni, mkono wa kushoto kashika mayai mawili ya ndege aliyoyaokota njiani (naam, anawinda mla watu huku anakusanya mayai!), bunduki iko kulia. Anapita mwamba, anageuza shingo, na jike huyo hapo, karibu mno, wanatazamana. Bunduki anaizungusha kwa mkono mmoja, polepole, polepole, na msomaji unajikuta umebana pumzi. Akishampiga anafanya nini? Anayarudisha mayai pale pale alipoyatoa. Hapo ndipo aliponiteka.

Tena si mgeni kwetu. Alihamia Kenya 1947, akaishi Nyeri, akafia huko 1955, na kaburi lake liko huko huko.

Najua majirani watanishangaa nisipomtaja Patterson, mhandisi wa reli aliyewaua simba wala watu wa hapa jirani Tsavo, na kitabu chake The Man-Eaters of Tsavo cha 1907. Haya, kisomeni. Zile kurasa za usiku wa 1898, wajenzi wa reli wamejifungia ndani ya maboma ya miiba na simba wawili wanapenya vilevile, zinasisimua kweli. Lakini someni na kalamu mkononi. Kitabuni anataja makuli wa Kihindi 28 walioliwa. Baadaye idadi yake ikapanda hadi watu 135. Mwaka 2009 watafiti walipima nywele na mifupa ya simba hao, ambao wako kwenye jumba la makumbusho Chicago, wakakadiria watu kama 35. Chumvi ya mwindaji naisamehe, wavuvi nao wanayo. Kinachonikera ni kwamba Waafrika waliokufa anawapitia kwa mkupuo: walikuwa wengi, hakuna aliyeweka rekodi yao. Wahindi wana tarakimu. Watu wa hapa hawana.

Ndiyo maana baada ya Patterson napendekeza The Elephant People cha Dennis Holman, cha 1967, kinachowahusu Waata, wawindaji wa tembo kwa upinde na mishale ya sumu, na namna walivyokabiliana na askari wa wanyamapori wa Tsavo. Nacho ni cha mgeni, lakini hapo angalau mwenye upinde ana jina.

Na kwa asiyependa hadithi, nunueni mwongozo wa nyayo wa Chris na Tilde Stuart, unaoonyesha alama za wanyama wa kusini na mashariki mwa Afrika. Wangu umelowa mvua mara mbili. Mwaka juzi niliona nyayo karibu na zizi la mbuzi, nikaamsha mtaa mzima: chui! Vijana wakaja na marungu na tochi. Nikafungua kitabu ili niwathibitishie, nikakuta chui anapotembea huficha kucha, na zile zilikuwa na kucha zote nne wazi. Tulizifuata hadi kwa jirani. Mbwa wake alikuwa amelala mlangoni.

Msomaji wenu, Voi