Chagua Somo Kabla ya Kuchagua Chuo

Tangu nirudi Ohio baada ya kumaliza shahada ya historia Oxford, wazazi kutoka Kenya na Tanzania tunaoishi nao hapa huniuliza kama watoto wao wenye alama nzuri waombe vyuo vya Uingereza. Nami huwauliza kwanza: mtoto anataka kusoma nini?

Chuo cha Marekani kwa kawaida humpokea kijana angali anajitafuta, kikamwacha aonje kemia, falsafa na muziki kabla ya kutaja somo lake kuu, lakini Uingereza mtu huomba somo tangu siku ya kwanza, na wanaompima ni wahadhiri wa somo hilo hilo. Mimi sikulielewa jambo hili mapema. Maelezo yangu binafsi, yaani insha ya kuombea chuo, niliyaandika kama nilivyofundishwa shuleni, nikataja riadha, kazi za kujitolea na safari ya Mombasa kumwona bibi. Mwalimu wangu wa historia aliyasoma, kisha akaniuliza nimesoma vitabu gani nje ya mtaala na ni wapi sikubaliani navyo. Nilianza upya, nikaandika karibu ukurasa mzima kuhusu biashara ya Bahari ya Hindi, na hayo ndiyo niliyoulizwa kwenye usaili wa Desemba.

Maombi hupitia mfumo mmoja, UCAS, unaomruhusu mwombaji kuchagua nafasi 5, na Oxford na Cambridge haviombwi vyote viwili mwaka mmoja. Mwisho wa kuomba vyuo hivyo ni katikati ya Oktoba, kwa hiyo maandalizi yaanze likizo ya kiangazi. Mitihani ya AP, ile ya kiwango cha chuo inayofanywa katika sekondari za Marekani, ina uzito mkubwa, hasa alama ya juu kabisa, 5. Uongozi wa klabu hauzibi pengo la alama.

Muhula wa Oxford una wiki 8 tu. Kila wiki niliandika insha moja, wakati mwingine mbili, kisha nikaketi na mwalimu, pengine na mwenzangu mmoja, kuitetea sentensi kwa sentensi. Hakuna pa kujificha katika kikao kama hicho, na huko ndiko nilikojifunza kufikiri. Ila kijana aliyezoea majaribio madogo ya kila mara ajue kwamba katika masomo mengi shahada huamuliwa zaidi na mitihani ya mwisho.

Kuhusu fedha, shahada ya miaka 3 kama ya Oxford, badala ya 4 ya Marekani, ni nafuu ya kweli, lakini ada ya wageni ni kubwa na misaada ni michache. Mikopo ya serikali ya Marekani hutumika katika vyuo vingi vya Uingereza. Ruzuku ya Pell, msaada wa serikali hiyo kwa wanafunzi wa kipato cha chini, haitumiki. Linganisheni kwanza na kile ambacho Princeton au Harvard ingewapa, kwani familia ya kipato cha chini huweza kulipa pesa chache huko kuliko Uingereza.

Asiye na hakika na somo lake aitazame Scotland: Edinburgh na St Andrews hufundisha miaka 4, na miaka 2 ya kwanza huruhusu kuchanganya masomo.