Dar hadi Dodoma: nikipunguza spidi nitaokoa mafuta kweli?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naishi Mbezi na kila mwezi naenda Dodoma kikazi na gari langu, Toyota IST ya sisi 1300, otomatiki. Mafuta yananimaliza. Kaka yangu anasema nikitembea 90 badala ya 120 nitaokoa hela nyingi. Fundi wangu anapinga, anasema ukienda taratibu injini inawaka muda mrefu, kwa hiyo inakula zaidi. Halafu kuna abiria alinifundisha kuweka nyutro kwenye mteremko. Jingine linalonichanganya ni kwamba kwenda Dodoma natumia mafuta mengi kuliko kurudi, wakati barabara ni ileile. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaka yako yuko sahihi, fundi wako yuko sahihi nusu, na huyo abiria usimsikilize tena.

Tuanze na kaka. Gari likiwa kwenye lami tambarare, injini inapambana na vitu viwili vikubwa: mkokoto wa tairi na hewa iliyo mbele. Mkokoto wa tairi haubadiliki sana hata ukiongeza spidi. Hewa ndiyo yenye hesabu kali. Ukizidisha spidi mara mbili, hewa inakuzuia kwa nguvu mara nne. Kutoka 90 hadi 120 umeongeza theluthi moja tu ya spidi, lakini upinzani wa hewa umepanda kwa karibu asilimia 78. Na IST ni gari fupi lenye kimo, halipasui hewa vizuri kama salun ya chini. Ukifunga keria juu ya paa, hali inakuwa mbaya zaidi.

Nikijumlisha tairi na hewa kwa gari kama lako likiwa na watu watatu na mabegi, kila kilomita unayokwenda kwa 120 inadai kazi karibu mara moja na nusu ya kilomita ya 90. Mafuta hayashuki kwa kiwango hichohicho, kwa sababu injini ya petroli hutumia mafuta yake kwa ufanisi zaidi ikibeba mzigo wa kutosha kuliko ikiwa imelegea. Hata hivyo, kupunguza sehemu moja ya tano mpaka robo ni jambo la kutarajia. Safari yako ni kilomita 450 hivi. Tuseme 300 ndizo unazoweza kufungulia spidi. Kwenye hizo 300 unabakiza lita nne au zaidi kidogo, kwa kwenda tu. Zidisha kwa bei ya mwezi huo ya EWURA, mamlaka inayotangaza bei za mafuta, kisha zidisha kwa mbili.

Fundi wako naye hajasema uongo mtupu. Injini ikiwaka gari likiwa limesimama inakunywa mafuta bila kukusogeza hata mita moja, na AC ikiwa imewashwa inakunywa zaidi. Ndiyo maana foleni ya Kimara au Ubungo inakutafuna. Ukitembea kilomita 20 kwa saa, muda mrefu wa injini kuwaka ni hasara ya kweli. Lakini hoja hiyo inaishia mjini. Kwa magari mengi madogo, spidi ambayo lita moja inakufikisha mbali zaidi ni kati ya 60 na 90, ukiwa kwenye gia ya mwisho. Kupanda zaidi ya hapo, hewa inakula kuliko muda unaouokoa. Nchi zilizobanwa na uhaba wa mafuta zililitumia hili waziwazi. Mwaka 1974 Marekani iliweka kikomo cha maili 55 kwa saa kwa barabara zake zote, yaani kama kilomita 88, na lengo lilikuwa kubana mafuta. Vifo vya barabarani navyo vikashuka, kutoka takribani 54,000 mwaka 1973 hadi takribani 45,000 mwaka 1974. Sehemu ya upungufu huo ilitokana na watu kusafiri kidogo mwaka huo, lakini spidi nayo ilichangia.

Sasa nikwambie jambo ambalo wewe hukuliuliza, na ndilo naliona kila siku nikikaa kiti cha kushoto na wanafunzi wangu wa udereva. Barabara ya Dodoma haikupi nafasi ya kushika 120 kwa muda mrefu. Ukivuka Kibaha unakutana na kibao cha 50 Mlandizi, kisha Chalinze, Mikese, Morogoro yenyewe, Dumila, Gairo, Kibaigwa, na katikati kuna vijiji vingine vingi. Dereva anafanyaje? Anakuja na 120 mpaka kwenye kibao, anakanyaga breki kwa sababu anaogopa tochi ya trafiki ya kupima spidi, anatambaa na 50, na akiona tu kibao cha kumaliza anabonyeza mafuta mpaka chini. Wengine wanangoja wamulikiwe taa na gari linalotoka mbele ndipo wapunguze.

Angalia gharama yake. Kulitoa gari lako kutoka 50 hadi 120 kunahitaji kama mililita 75 za petroli kwa ajili ya kuongeza mwendo peke yake, kabla hujahesabu hewa na tairi. Ni kikombe kimoja cha kahawa, vile vidogo vya kahawa chungu. Kutoka 50 hadi 90 ni chini ya nusu ya hapo. Na ukifika kibao kinachofuata, breki zinageuza kikombe chote kuwa joto la diski. Vijiji ishirini au thelathini kwa safari, umeshapata lita moja na nusu au zaidi iliyoishia kwenye pedi za breki, pedi ambazo pia utazinunua.

Anayeendesha vizuri anakiona kijiji mapema. Anaachia mafuta mita mia tano hivi kabla ya kibao na kuliacha gari lijipunguze lenyewe, hivyo anafika na 50 bila kugusa breki. Ndiyo maana siwezi kutenganisha somo la kubana mafuta na somo la kuendesha kistaarabu. Macho ni yaleyale, ya mbali. Nyuma ya lori pia ni hivyohivyo. Njia hii inabeba malori ya Kongo, Rwanda na Burundi, na sheria inayafunga kwenye 80, kwa hiyo utayakuta kwa misafara. Anayeligandia lori mkiani haoni mbele, anachungulia, anakanyaga, anarudi, anafunga breki, anakanyaga tena. Kaa nyuma kwa sekunde tatu: lori likipita mti, hesabu mpaka tatu ndipo na wewe uupite. Ukiwa hapo unaona barabara, na siku ukiovateki unaovateki mara moja, kwa uhakika. Kuna watu hulifuata lori kwa karibu ili liwakingie upepo. Ni kweli upepo unapungua, lakini lori likisimama ghafla huna pa kwenda.

Kuhusu usalama naomba usome taratibu. Tuseme mtoto anaingia barabarani, na dereva anachukua sekunde moja kushtuka kabla ya kukanyaga breki. Kwenye lami kavu na breki nzima, gari lililokuwa 90 linasimama ndani ya mita 70 hivi. Gari lililokuwa 120 linahitaji zaidi ya mita 110. Swali ninalowauliza wanafunzi ni hili: pale kwenye mita ya 70, ambapo lile la kwanza limeshasimama kabisa, hili la pili lina spidi gani? Wengi hujibu 30, au 40. Jibu ni karibu 88. Linapita pale mtoto aliposimama likiwa na spidi ya safari. Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa spidi ukipanda kwa asilimia moja, hatari ya ajali yenye kifo inapanda kwa asilimia nne. Lita nne ni nzuri, lakini mimi ningekuomba upunguze hata kama mafuta yangekuwa ya bure.

Muda je? Kwa hesabu ya karatasi, kilomita 300 kwa 120 ni saa mbili na nusu, kwa 90 ni saa tatu na dakika ishirini. Barabarani tofauti ni ndogo kuliko dakika hamsini, kwa sababu yule wa 120 unamkuta mara kwa mara nyuma ya lori lilelile au kwenye kibao kilekile. Toka nyumbani mapema kidogo.

Nyutro. Gari lako lina kompyuta ya injini na nozeli zinazopuliza petroli. Ukiachia mafuta huku gia imeingia, gari linaizungusha injini lenyewe na kompyuta inakata petroli kabisa mpaka mizunguko ikaribie ya chini. Ukiweka nyutro, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime. Kwa hiyo kwa gari la nozeli unatumia zaidi, na zamani za kabureta hazihusiki hapa. Kubwa zaidi, umeipoteza breki ya injini. Mteremko wa kutoka Gairo kuja Dumila mtu akiuteremka nyutro anabaki na breki za miguu peke yake, zikichemka zinalegea. Acha gia iingie, na mteremko ukiwa mkali shusha gia.

Mteremko huohuo ndio unajibu fumbo lako la mwisho. Dar uko usawa wa bahari, Dodoma iko juu kwa zaidi ya mita 1,100, na sehemu kubwa unaipanda kati ya Dumila na Gairo. Kulinyanyua gari lenye watu na mizigo hadi kimo hicho kunachukua lita moja na nusu hivi. Wakati wa kurudi unarejeshewa sehemu yake. Gari halina ugonjwa.

Ila kagua kitu kimoja kabla hujasafiri tena. Tazama dashibodi: kuna taa imeandikwa O/D OFF? Pembeni ya mkono wa gia kuna kitufe kidogo, watu wanakibonyeza kwa bahati mbaya na kukaa hivyo miezi. Taa hiyo ikiwaka, gia ya mwisho haiingii, na ukiwa 100 mshale wa RPM, yaani mizunguko ya injini kwa dakika, unapita 3,000 bila sababu. Bonyeza mpaka taa izime. Pima upepo wa tairi asubuhi zikiwa baridi, kwa kufuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva. AC ukiwa barabara kuu iwashe tu, madirisha wazi kwa spidi hiyo yanavuta hewa.

Ukitaka kumaliza ubishi na fundi wako, pima. Jaza mpaka pampu ijikate yenyewe, sifurisha kilomita za safari, nenda na urudi kwa 90, kisha ujaze kituo kilekile na pampu ileile, gawa kilomita kwa lita. Mwezi unaofuata rudia kama ulivyozoea kuendesha, mizigo ikiwa ileile. Usipime kwenda peke yake, mlima utakudanganya. Ukipata namba zote mbili niandikie, na uniambie kama ile taa ilikuwa inawaka.