Re: Volti 4.5 zinaanguka nikiunga mzigo

Habari ndugu. Umesema rezista mbili za kilo-omu 10 zilizofuatana kwenye betri ya volti 9 zinakupa volti 4.5 vizuri katikati yake, ila ukiunga mzigo (kifaa unachotaka kukilisha umeme) wa kilo-omu 1 inabaki chini ya volti moja. Rezista zako ni nzima kabisa! Mzigo umekaa sambamba na rezista ya chini (ile ya upande wa hasi), kwa hiyo hapo pana kama omu 909 tu badala ya 10,000. Piga hesabu upya, 9 × 909 ÷ (10,000 + 909), utapata volti 0.75. Kwanza pima betri mzigo ukiwa umeungwa. Ikibaki karibu na 9, sababu ndiyo hiyo. Kulisha mzigo tumia regyuleta (kifaa kinachoshikilia volti zisianguke) ya volti 5, kama mzigo unazihimili. Mchoro wako sijauona, uweke hapa tuukague.